Niliwaambia Kinadunda

Kama una uvimbe shingoni, pembeni, chini ya taya, na ukiweka vidole unausikia unadunda pamoja na moyo wako, usikubali mtu yeyote auchome sindano wala kuutia wembe kabla haujapigwa picha. Naanza na hilo kwa sababu najua wengine hamtasoma hadi mwisho, mna wagonjwa wa kuuguza. Mengine mengi nitakayoandika hapa ni hasira yangu, na hasira inaweza kusubiri.

Naitwa Skolastika. Ni mkulima, mke wa Fidelis, mama wa watoto wanne. Kijiji chetu kiko upande wa Mwazye, na tunalima mahindi, maharage na ulezi kama majirani zetu wote. Naandika baada ya kupona, kama kupona ndilo neno lake, maana sauti niliyokwenda nayo hospitali siyo niliyorudi nayo. Binti yangu mkubwa, Yusta, hunitania kwamba siku hizi nikiita kuku waje kula, wanakimbilia kwa jirani.

Ilianza msimu wa matuta. Kwetu Ufipa mvua zikishakolea tunayafukia majani chini ya udongo, tunainua matuta ya duara, majani yanaozea humo, na msimu unaofuata tunapanda juu yake. Ni kazi ya jembe la mkono na mgongo, na ikifika jioni shingo inakuwa ngumu. Siku moja nilikuwa nimekaa kizingitini siwezi kugeuza kichwa, Bibi Anyesi akanikuta. Huyu ni shangazi yake mume wangu, mjane, nyumba yake na yetu zinatenganishwa na shamba la maharage tu, na kuni zake nilikuwa nampelekea mimi. Alirudi kwake akaleta mafuta ya alizeti, akaanza kunikanda. Mkono wake ulipofika upande wa kushoto ukasimama.

"Mama Yusta, hapa una nini?"

"Sijui, Bibi. Kuna nini?"

"Kuna kitu kinadunda. Kama utosi wa mtoto mchanga."

Nikaweka vidole vyangu. Kilikuwa kidogo, kama punje ya haragwe, na kweli kilidunda. Bibi akafuta mikono kwenye kitenge chake akaniambia niende zahanati, shingo si mahali pa kuchezea. Hayo ndiyo yote aliyoyafanya yule mama katika ugonjwa wangu: kunikanda, kushtuka na kunituma zahanati. Yashikeni, kwa sababu mtaona yalivyokuja kugeuzwa.

Zahanati nilikuta foleni ya akina mama na watoto wao. Nilipofika mlangoni, kabla sijakaa, mhudumu akanitazama shingo akasema, "Rovu hilo. Nyie wa huku mnapenda sana chumvi ya kienyeji."

"Lakini kinadunda," nikamwambia.

"Kula chumvi ya pakiti, mama. Yenye madini joto. Mwingine apite."

Sisi wa huku juu rovu tunalijua. Bibi zetu walikuwa nalo, wengine walizikwa nalo. Lakini rovu hukaa mbele, katikati, na ukimeza mate linapanda na kushuka. Changu kilikuwa pembeni kabisa na hakikupanda wala kushuka, kilikuwa na kazi yake moja tu. Mtoto wa darasa la pili angeona tofauti kama angetazama. Hakuna aliyenyoosha mkono kunigusa. Nilirudi nyumbani nikala chumvi ya pakiti mpaka ulezi ukavunwa, mpaka mashamba yakachomwa, mpaka matuta mengine yakainuliwa, na haragwe likawa yai la kuku.

Mwili ulianza kunibadilikia. Nilikuwa najitwisha ndoo ya maji bila kushika kwa mkono. Sasa nikijitwisha tu, macho yanaingia giza. Nikiitwa nikageuka ghafla, nilipepesuka. Ugali ulianza kusita njiani. Nikajifunza kufunga kitambaa shingoni hata jua likiwa kali, na kanisani nilikaa benchi la mwisho upande wa kushoto ili uvimbe uwe ukutani. Watoto wa jirani walikuwa wakiniigiza kwa kuweka chungwa chini ya kidevu. Sikuwachukia, watoto ni watoto. Niliwachukia wazazi wao waliokuwa wakicheka.

Msimu wa baridi, ule upepo wa kipupwe unaokata masikio, nikaenda kituo cha afya. Huko walikuwa na jibu lingine: kifua kikuu cha tezi. Sikuwa na kikohozi, sikuwa na homa, sikuwa nimekonda. "Kinadunda," nikasema. Mganga akaandika dawa. Nilizimeza baridi yote, mkojo ukawa mwekundu, nyama za miguu zikawaka moto, na kile kitu hakikujali hata kidogo. Dawa za kifua kikuu zimeokoa watu wengi, sizisemi vibaya. Ninachosema ni kwamba sikupimwa. Niliangaliwa shingo kwa mbali, kama mtu anavyoangalia mbuzi wa mtu mwingine mnadani.

Dawa ziliposhindwa ndipo likaja balaa lenyewe.

Mume wangu ana kaka yake, Oswadi, ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki. Ni mtu wa kusikilizwa na anajua hivyo. Aliita kikao cha ukoo nyumbani kwake, akaniweka katikati kama ushahidi. Akaanza kwa upole: mke wa mdogo wetu anateseka, hospitali zimeshindwa, sasa tuambizane ukweli. Akauliza nani alikiona kitu hiki kwanza. Nami kwa ujinga wangu nikajibu kwamba Bibi Anyesi, alipokuwa akinikanda.

Oswadi akatikisa kichwa taratibu.

"Mnasikia wenyewe. Kitu kimejificha ndani ya shingo, mwenyewe mgonjwa hakijui, mumewe anayelala naye hakijui. Anayekijua ni yeye. Mtu anajuaje mahali pa kitu kama si yeye aliyekiweka? Kikulacho ki nguoni mwako."

"Shemeji," nikasema, "alinigusa kwa sababu aliniona naumwa."

"Alikugusa, ndiyo. Umesema mwenyewe. Na mafuta alileta yeye."

"Ya alizeti!"

"Wewe uliyaona yakikamuliwa?"

Na wewe unayesoma, utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Hata kule kudunda kukageuzwa. Zahanati nilisema kinadunda wakanipuuza. Kwenye kikao wakaniamini mara moja, lakini wakasema kinadunda kwa sababu ni moyo wa mnyama, nimewekewa. Niliondoka pale nikiwa nimejifunza kwamba ukweli wangu haukuwa na mahali pa kukaa.

Oswadi akamalizia kwa kutoa hukumu. Kuna watu wanaopita vijijini kwa kazi ya kuwafichua wachawi, tunawaita lambalamba. Wakiitwa, wanamtoa mtu hadharani, wanamnyoa kwa wembe, wanamchanja chale, na baada ya hapo kijiji hakimtazami tena kama binadamu. Kijiji cha pili kutoka kwetu kuna bibi aliyenyolewa hivyo. Nyumba yake ilichomwa, leo mbuzi wanalala kwenye gofu lake, na yeye hakuna anayetaka kusema alikokwenda. Oswadi akasema, "Skola akipona, tutazungumza. Akirudi kwenye sanduku, huyu mama atanyolewa, halafu atafute pa kwenda." Fidelis alikuwa amekaa karibu yangu. Aliangalia viatu vyake kikao kizima.

Kuanzia siku hiyo sikuwa naumwa peke yangu. Nikifa mimi, Bibi Anyesi hafiki Pasaka. Alikuwa anajua pia. Alikuja jioni moja akasimama kwenye kona ya nyumba, hakutaka kuingia, akaniuliza kwa Kifipa kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akasema basi, nile na kesho, akaondoka.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha nikaenda mjini Sumbawanga, nikafikia kwa dada yangu anayeishi Pito. Hospitali niliyokwenda siitaji, haitasaidia kitu. Daktari kijana alinigusa, na ninamshukuru kwa hilo, alikuwa wa kwanza. Akasema atachukua kinyama kwa sindano wakapime.

"Daktari, kinadunda."

"Kila uvimbe wa shingoni una mapigo kidogo, mama. Upo karibu na mshipa. Ni hofu yako tu."

Akachoma. Hakuvuta bomba. Damu ilijaa yenyewe, nyekundu mbichi, ikasukuma bomba nyuma kwa kishindo cha moyo wangu. Nilimwona uso ukimbadilika. Akachomoa, akabana kwa pamba, akaita muuguzi, wakabana wote wawili kwa muda mrefu huku nikisikia joto likinitiririkia kifuani. Ilipotulia akaandika rufaa ya kwenda Mbeya bila kunitazama. Angetumia kisu badala ya sindano, nisingekuwa naandika haya. Hadi leo namsubiri aniambie pole.

Mbeya nilikaa kwenye mabenchi. Mtu ambaye hajaugua ugonjwa usiojulikana hawezi kujua benchi ni nini. Unafika alfajiri unakuta waliolala pale. Unaambiwa mashine ya picha imeharibika, fundi anakuja. Fundi akija, mtandao haupo. Mtandao ukirudi, daktari yuko kwenye kikao. Unajifunza majina ya watoto wa jirani yako wa benchi, unajua nani kaacha maharage jikoni, na mtu akiitwa jina lake mnafurahi wote kama kapata kipaimara.

Na kila dirisha swali lilikuwa lile lile. "Umetokea wapi, mama?"

"Sumbawanga."

Basi wanaangaliana, wanacheka. "Umekuja na basi au na ungo?"

Mara ya kwanza nilitabasamu, utani ni utani. Mara ya pili nilisukuma karatasi ya rufaa dirishani. Mara ya tatu, kijana wa mapokezi aliponiuliza mbele ya foleni nzima, nikamjibu, "Ningekuwa na ungo, mwanangu, ningekuwa nimeshafika Ulaya nimetibiwa nimerudi. Nisingekuwa kwenye benchi lako tangu asubuhi." Foleni ikamcheka yeye. Lakini mimi hasira haikunitoka mpaka usiku. Wazee wetu wanasema jina la mji wetu lenyewe ni amri ya kutupa uchawi. Sisi tulioamriwa kutupa ndio tunaochekwa nchi nzima kwamba tumeweka akiba. Mnaocheka mko mbali. Utani wenu ukipanda huku milimani unamkuta bibi kizee nyumbani kwake, na huku hakuna anayecheka.

Picha ilipopatikana hatimaye, wakanipeleka Dar es Salaam. Habari ya fedha siiandiki, kila mwenye mgonjwa anaijua. Nilishuka kwenye joto lile nikiwa na sweta, Mfipa kamili, nikadhani nimeingia kwenye tanuri. Ilikuwa imeanza Kwaresima.

Daktari bingwa alikuwa mama wa makamo, msema taratibu. Aliweka vidole viwili kwenye uvimbe, akatulia. Kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo, hapo hapo shingoni, akafumba macho. Nikamwambia neno langu la siku zote.

"Kinadunda, daktari."

"Ndiyo, mama," akasema. "Kinadunda."

Nililia kwa sauti. Muuguzi alidhani nimeumizwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua mtu aliyesoma kukubali jambo nililolisema kwa mdomo wangu kuhusu shingo yangu.

Akanieleza kwa lugha nyepesi. Ni uvimbe wa mishipa ya damu, wa nadra sana, umekaa kwenye panda, pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda kichwani, na wenyewe umejaa damu tupu. Wanaoishi nyanda za juu huonekana nao zaidi kidogo kuliko watu wa pwani, lakini hata huko ni wachache, wala hawezi kusema kwa nini mimi. Ukiachwa utaendelea kukua hadi uzuie kumeza na kupumua. Ukitolewa, kuna hatari ya kutoka damu nyingi, kuna hatari ya kiharusi, na mshipa wa fahamu wa sauti umepita humo humo.

"Daktari, mtu anaweza kumwekea mwenzake kitu hiki?"

Hakucheka. Nitamwombea hadi nife kwa kutocheka. "Hapana, mama. Hakuna mkono wa mtu humu."

"Naomba umwambie mume wangu hivyo hivyo. Kwenye simu."

Akamwambia, kwa simu yangu, sauti ikiwa juu. Upande wa pili nikamsikia Fidelis akiitikia "ndiyo, daktari, ndiyo, daktari," na nyuma yake sauti ya Oswadi ikisema kwamba daktari wa Dar atajua nini mambo ya huku.

Kabla ya upasuaji walitaka ndugu wachangie damu, maana ingehitajika nyingi. Oswadi akawakataza vijana wa ukoo. Alisema damu yetu isiende kulisha kitu tusichokijua. Fidelis akapanda basi peke yake akaja. Alinikuta nimekonda, akakaa pembeni ya kitanda, akanipapasa miguu. Akatoa damu yake siku hiyo hiyo. Haikutosha.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Mkuranga, Mwislamu, kafungwa bandeji taya zima. Alikuwa akinipepea kwa kipande cha boksi akiona navuja jasho. Aliposikia habari ya damu akawapigia wanawe. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, umegongana na Kwaresima yetu, vijana wamefunga. Walikuja wakafuturu tende na uji kwenye ngazi za hospitali, wakapumzika kidogo, wakaingia kutoa damu kwa ajili ya mwanamke wa Kifipa ambaye hawakumjua. Mkubwa wao aliponiamkia, "Shikamoo, mama," sikuweza kumjibu vizuri. Ndugu wa damu walininyima damu, na hawa wakanipa.

Asubuhi ya upasuaji daktari alikuja kunisainisha. Nikamwambia, "Daktari, mimi sitakiwi kufa."

"Hakuna anayetakiwa, mama."

"Mimi nikifa, tunakufa wawili. Kuna bibi nyumbani."

Nikamweleza kwa kifupi. Alisikiliza hadi mwisho, ingawa walikuwa wanamwita. Akasema atajitahidi kwa ajili yetu wote wawili. Nikasaini.

Nilipozinduka nilidhani nimezikwa, maana nilifungua mdomo kumwita Fidelis na hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Ilitoka pumzi, kama upepo unaopita chini ya mlango. Jicho la kushoto kope lilikuwa limelala nusu. Nilipopewa maji yalitokea puani. Daktari alikuja, akashika mkono wangu, akasema uvimbe wote umetoka, sina kiharusi, lakini mshipa wa sauti ulikuwa umeshikana na ule uvimbe na hakuweza kuuokoa. Nililia, na kilio nacho hakikuwa na sauti, jambo lililonikasirisha kuliko maumivu yenyewe. Niliyaimba Masifu kanisani kwetu tangu nikiwa binti. Kama yule wa kwanza pale zahanati angeweka vidole viwili tu, wakati ni haragwe, huenda ningekuwa nayaimba bado. Sitasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu sitamsingizia uvivu wa watu.

Kwa ninyi mtakaopita hapo: kunywa uji mzito kabla ya maji, na ukimeza, shusha kidevu kifuani na geuza uso upande uliopasuliwa. Muuguzi ndiye aliyenifundisha. Utapaliwa, usikate tamaa. Kulala, inua kichwa. Wasikuache ukanyamaza kwa aibu. Nong'ona, andika kwenye kiganja, piga meza, lakini wajue upo.

Tulirudi baada ya Pasaka. Ulezi ulikuwa unageuka rangi na asubuhi zimeanza kuwa na ukungu. Bibi Anyesi alikuwa hai, kapungua, watoto wa ukoo wamekatazwa kula kwake. Aliponiona nashuka alikaa chini, pale pale njiani, akafunika uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nimerudi kwa miguu yangu, sanduku hakuna, basi yameisha.

Hayakuisha! Wageni walikuja kunipa pole, wakatazama kovu, wakashangaa, wakatoka. Nje wakaanza kuambiana kwamba Bibi Anyesi ameutoa. Kwamba alipoona ukoo umemkalia kooni, aliogopa, akautoa uvimbe wake mwenyewe. Oswadi alikuja kukaa kwenye kochi langu, akapokea soda, akasema mbele yangu, "Unaona, shemeji? Tungenyamaza ungekufa. Tulipomtisha ndipo kikatoka. Unapaswa kunishukuru."

Nimepasuliwa shingo, nimepoteza sauti, watoto wa Mkuranga wametoa damu yao baada ya njaa ya mchana kutwa, daktari kasimama kwa miguu yake tangu asubuhi mpaka jua linazama, na wa kushukuriwa ni Oswadi! Nilitaka kumpigia kelele. Ilitoka pumzi. Akadhani nakohoa, akanipa soda yake. Akaendelea kwamba sasa ndiyo hatari kubwa zaidi, maana mtu anayeweza kuweka na kutoa atakavyo hawezi kuachwa. Lambalamba wataitwa ulezi ukishaingia ghalani.

Fidelis akaniambia tuache yapite. Siku kadhaa nilimpakulia chakula bila kumtazama. Mwishowe nikamwandikia kiganjani kwa kidole: Jumapili. Shukrani.

Kigango chetu hakina padri kila Jumapili, katekista ndiye anayeongoza ibada. Baada ya matangazo, mwenye shukrani huitwa mbele. Nikaenda, na Fidelis nikamshika mkono nikaenda naye, kwa sababu hakuna ambaye angenisikia. Nilimnong'oneza sikioni, yeye akasema kwa sauti. Nilimshukuru Mungu, akasema. Niliwashukuru waliotoa damu, akasema. Kisha nikanong'ona sentensi niliyoijia. Alimtazama kaka yake kwenye benchi la mbele. Nikairudia.

"Mke wangu anasema," akatamka, "shangazi hakumroga. Daktari aliutoa uvimbe kwa kisu. Shangazi aliuona tu."

"Na aliuonaje?" Oswadi akauliza akiwa amekaa.

Kabla sijanong'ona lolote, Bibi Anyesi akasimama upande wa akina mama. Sijawahi kumsikia akiongea kanisani.

"Oswadi, mwanangu. Ningekuwa najua kuroga, ningeanza na huyu anayeniletea kuni? Ningelala na baridi mwaka mzima kwa ujinga gani? Ningeanza na wewe, ambaye hujawahi kuniletea hata kijiti."

Akina mama wakaangua kicheko, kwanza wa nyuma, kisha kanisa lote, hata katekista akageukia ukuta. Nikadhani tumemaliza. Lakini Oswadi akainuka, na alipoinuka kicheko kikakatika.

"Chekeni," akasema. "Lambalamba wakija na wembe wao, tutaona nani atacheka."

Bibi Anyesi alibaki amesimama, mikono imeshika benchi la mbele yake. Fidelis akainamisha sikio kwangu akingoja maneno. Nilikuwa nayo, mengi, lakini nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na halikutoka hata moja. Fidelis akainua kichwa.

"Shangazi anahamia kwangu leo," akasema. "Mwenye wembe abishe hodi kwangu, aanze na kichwa changu, kaka."

Maneno hayo sikumnong'oneza mimi.